Simiti Juu ya Udongo

Kutoka Bungoma hadi Kitale, nyumba nyingi za vijijini zina kuta za fito na udongo, na mwenye uwezo kidogo huzipiga plasta ya simiti zifanane na za mawe. Nia ni njema, lakini mara nyingi plasta hiyo ndiyo inayoibomoa nyumba. Udongo hufura ukilowa na kunywea ukikauka, na mvua za huku huanza Machi zikaendelea hadi Oktoba au Novemba. Simiti ikishaganda haifuati mwendo huo. Gonga ukuta wa aina hiyo kwa kidole karibu na dirisha: mara nyingi utasikia uwazi, plasta imekwisha kuachana na udongo. Ufa mwembamba kama uzi unatosha kuingiza maji, na kwa kuwa simiti haipitishi mvuke kwa urahisi, maji hayo hukosa pa kutokea. Udongo hulainika, fito huoza, mchwa huingia, kisha bamba zima huporomoka, hasa pale chini panaporukiwa na maji ya mabati. Mafundi hupigilia waya wa kuku kwanza. Waya hushikilia plasta, hilo ni kweli, ila unyevu unabaki ndani.

Chokaa ingefaa zaidi. Hukomaa polepole kwa kufyonza hewa ya ukaa, haiwi ngumu mno, na hupitisha mvuke. Lamu waliichoma kutokana na matumbawe, wakafinyanga kwa plasta yake vidaka vya ukutani, na vile vya karne ya 18 vingalipo. Huku hatuna matumbawe, lakini Koru, Kaunti ya Kisumu, chokaa huchomwa tangu zamani, na Koru ni karibu kuliko pwani.

Pingamizi lililo zito zaidi dhidi ya kuacha plasta ya simiti ni la akina mama. Kusiriba kwa udongo na samadi kila mwaka ni kazi yao, nayo huumiza mgongo; mama anayetaka simiti ana haki kabisa. Basi aipate, ila ianzie sakafuni, ambako mfuko wa kilo 50 humkinga mtoto na funza, na kwenye msingi wa mawe ulioinuliwa juu ya pale maji ya mvua yanaporukia. Fedha zinazobaki zinunue mabati marefu zaidi, paa litokeze nusu mita au zaidi nje ya ukuta. Ukuta uliofunikwa hivyo haulowi ovyo, na kusiriba kwake kunaweza kungoja miaka kadhaa.