Kapteni wa Coki

Wanangu, sogeeni. Kwenye vitabu vyenu askari huchorwa na bunduki begani, uso umekunjwa. Leo nawasimulia askari wa namna nyingine. Alisomea uaskari, akaula mshahara wake na akafia vitani. Lakini siku zile zilizofanya jina lake likumbukwe hakuwa na hata bastola.

Jina lake ni Mbaye Diagne. Kwao ni Coki, mji mdogo katika mkoa wa Louga, kaskazini mwa Senegal. Ukimtajia Msenegali Coki, jambo la kwanza atakalokwambia ni chuo chake cha Kurani, maana watoto hupelekwa huko kutoka kila pembe ya nchi. Mbaye alizaliwa mwaka 1958, mmoja wa watoto tisa, akakulia kwenye kitongoji cha watu wa hali ya chini huko Dakar. Katika familia yao yeye ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu. Wengi wetu tungedhani mtoto kama huyo atatafuta kiti ofisini, ashike kalamu. Yeye alichagua gwanda, akapanda vyeo hadi kuwa kapteni.

Sasa mtaniuliza, Msenegali alifuata nini Rwanda? Jibu linapitia hapa kwetu, Arusha. Tarehe 4 Agosti 1993, serikali ya Rwanda na waasi wa RPF walitia saini Arusha mkataba wa kumaliza vita vyao. Umoja wa Mataifa ukapeleka kikosi cha kusimamia amani hiyo, UNAMIR, chini ya Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada. Ndani ya kikosi hicho walikuwamo waangalizi wa kijeshi, na Mbaye alikuwa mmoja wao. Mwangalizi ni afisa kamili, ila kazi yake ni kwenda mahali, kuona, kuuliza na kuandika ripoti. Habebi silaha, ili pande zote mbili zimwamini.

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda alikuwa anarudi kutoka mkutanoni Dar es Salaam, akiwa na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Ndege yao ikatunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Usiku ule ule mauaji yakaanza. Sitawaeleza yote, mtayasoma mkikua. Jueni tu kwamba kwa muda wa siku 100 hivi waliuawa watu wasiopungua 800,000, na serikali ya Rwanda yenyewe husema walizidi milioni moja. Wengi walikuwa Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki uovu ule.

Asubuhi iliyofuata, askari walimuua Waziri Mkuu, Agathe Uwilingiyimana. Watoto wake watano walikuwa wamejificha jirani, kwenye nyumba za wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa. Wauaji wakiwapata, wamekwisha. Mbaye alifika pale hana kitu mkononi. Akawaficha kwenye gari, akawavusha hadi Hôtel des Mille Collines, hoteli ambayo watu wengi walikuwa wamekimbilia. Baadaye watoto wale walitolewa nchini, na wakakulia Uswisi.

Hapa mwalimu wenu wa nidhamu anaweza kunikasirikia, lakini lazima niseme: waangalizi walikuwa na amri ya kutojiingiza. Amri ya kijeshi si ombi, na Mbaye, aliyekuwa jeshini miaka mingi, alilijua hilo kuliko mimi na nyinyi. Aliivunja siku ile ya kwanza, akaivunja kesho yake, akaendelea kuivunja. Jenerali Dallaire alijua, naye hakumwadhibu. Kwa maoni yangu hilo nalo lahesabika katika sifa za jenerali yule.

Aliwaokoaje watu bila silaha? Tazameni Kigali ya wakati ule. Barabarani kulikuwa na kizuizi baada ya kizuizi: magogo, mawe, makreti ya bia, na nyuma yake vijana wa kundi la wanamgambo la Interahamwe wenye mapanga na marungu, wengine wamelewa tangu asubuhi. Wanasimamisha kila mtu na kudai kitambulisho, kwa sababu vitambulisho vya Rwanda viliandikwa kabila la mtu. Neno moja kwenye karatasi lilitosha kukuua.

Mbaye alipita vizuizi hivyo mara kwa mara, hadi akawafahamu wanaovisimamia kama dereva wa daladala anavyowafahamu trafiki wa njia yake. Alikuwa mrefu, mcheshi, na tabasamu lake lilionyesha mwanya. Mfukoni ana sigara. Anasimamisha gari, anagawa sigara, anatoa utani, anauliza hali, watu wanacheka, kizuizi kinainuliwa. Na ndani ya gari lile mna watu watatu, wanne au watano wamejikunyata. Hakuweza kuchukua wengi kwa safari moja, maana gari lingetiliwa shaka. Kwa hiyo akishawafikisha, anageuza kwenda kuchukua wengine, kupitia kwa wauaji wale wale ambao muda mfupi uliopita aliwachekesha.

Siku moja alikuwa na mwandishi wa BBC, Mark Doyle, ambaye ni Mzungu. Wakati huo redio ya wachochezi ilikuwa ikiwaambia watu kwamba Wabelgiji ndio walioitungua ndege ya rais, na wanajeshi kumi wa Ubelgiji waliokuwa wakimlinda Waziri Mkuu walikuwa wameshauawa. Kwenye kizuizi, mtu mmoja mwenye bomu la mkono akamjia Doyle akitaka kujua kama ni Mbelgiji. Mbaye akadakia kwamba hapana, Mbelgiji ni yeye, waitazame tu ngozi yake nyeusi! Yule mtu akacheka, wakapita. Fikirini: kutunga mzaha mbele ya bomu, na mzaha wenyewe uchekeshe.

Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama liliamua kikosi kipunguzwe kibaki na watu 270. Dunia ilikuwa inafunga virago. Mbaye alibaki, na safari zikaendelea.

Hadi tarehe 31 Mei 1994. Siku hiyo aliendesha gari peke yake, akirudi makao makuu na ujumbe kwa Dallaire kutoka kwa Jenerali Augustin Bizimungu, mkuu wa jeshi la serikali. Alipokuwa kwenye kizuizi cha jeshi hilo, bomu la mota lililorushwa kutoka upande wa RPF lilianguka nyuma ya gari lake. Vipande vilipenya kioo cha nyuma, vikampiga kichwani. Alikufa pale pale. Zilikuwa zimebaki siku chache tu arejee Senegal kwa mkewe na watoto wake wawili.

Kikosi kizima hakikuwa hata na mfuko wa kuhifadhia maiti. Wenzake walitafuta turubai, wakalikunja na kulifunga, wakamsitiri humo. Alirudishwa kwao, akazikwa kwa heshima zote za kijeshi.

Bizimungu alikamatwa baadaye, akashitakiwa Arusha kwenye mahakama ya kimataifa ya Rwanda, na mwaka 2011 akahukumiwa kifungo cha miaka 30. Tumrudie Mbaye: aliokoa watu wangapi? Wanaotaja hesabu husema mamia.

Na Umoja wa Mataifa, mwajiri wake wa mwisho? Kwa miaka mingi haukuipa familia yake hata ishara ya shukrani. Hili si sengenyo langu, maana Baraza la Usalama lenyewe lilikiri kwa masikitiko katika azimio namba 2154 la tarehe 8 Mei 2014, lililoanzisha Medali ya Kapteni Mbaye Diagne ya Ujasiri wa Kipekee. Ya kwanza alikabidhiwa mjane wake mwaka 2016. Rwanda ilikuwa imetangulia kumtunuku, mwaka 2010.

Baada ya Mbaye, medali hiyo ilikwenda kwa Private Chancy Chitete wa Malawi. Novemba 2018, karibu na Beni, mashariki mwa Kongo, aliuawa baada ya kurudi chini ya risasi kumhudumia mwenzake aliyejeruhiwa na asiyeweza kutembea. Mwenzake huyo alikuwa koplo wa Tanzania, na alipona.