Kabla ya Kuilaumu Bedi

Mashine kuukuu ya kukereza vyuma ikishafika nyumbani, mkono hukimbilia msasa na kopo la rangi. Uzuie kwanza. Thamani ya mashine hiyo imo katika uhusiano wa vitu viwili: mhimili unaozungusha chuma, na bedi ambayo kigari chenye kisu hutembea juu yake. Vikienda sambamba, chuma hutoka na kipenyo kilekile kutoka mwanzo hadi mwisho. Visipokwenda sambamba, kila utakachokereza kitachongoka upande mmoja, hata kama mashine inang'aa kama mpya.

Tuchukue Myford ML7, iliyoanza kuundwa mwaka 1946 huko Beeston, jirani na Nottingham, Uingereza, kwa ajili ya mafundi wa karakana ndogo. Kutoka bedi hadi katikati ya mhimili ni inchi 3½, yaani karibu milimita 89. Kiwanda kilisimama mwaka 2011, lakini mashine zingali zinauzwa mkono kwa mkono, na mnunuzi huonywa mapema: “Bedi imelika hiyo.”

Huenda ni kweli. Lakini nimeshaamini kwamba bedi nyingi zinazosingiziwa kulika zimesokotwa tu. Chuma cha kusubu hukuonyesha ugumu wa mwamba, ila ukikikaza kwa boliti juu ya meza isiyo sawa, kinafuata meza. Kona moja ikiinuka kidogo, kigari huinama kadiri kinavyosogea, na ncha ya kisu hukikaribia chuma au kukikimbia.

Jaribio lake halihitaji vifaa vya gharama. Funga kwenye chaki (kishikio kilicho mwishoni mwa mhimili) kipande kinene cha chuma, kipenyo kama milimita 30, kikiwa kimejitokeza milimita 150 hivi, bila kukiegemeza upande wa pili. Punguza sehemu ya katikati ili zibaki pete mbili, moja karibu na chaki na nyingine mwishoni. Zipitie zote mbili kwa kisu kikali, mkato mwembamba sana, bila kugusa mpangilio wa kisu katikati ya kazi. Kisha pima kwa maikromita. Pete ya mwisho ikiwa nene zaidi, legeza boliti za upande ulio mbali na chaki, weka shimu, yaani kibati chembamba cha kuinulia, chini ya mguu wa mbele (upande unakosimama wewe), kaza, ukereze tena. Ikiwa nyembamba zaidi, shimu iende mguu wa nyuma. Bati la kopo la soda, lenye unene wa karibu milimita 0.1, linatosha kuleta tofauti inayopimika. Rudia mpaka pete zilingane. Kazi hii inachosha, na ndiyo inayofufua mashine kuliko nyingine yoyote.

Pete zikikataa kulingana, sasa ichunguze bedi yenyewe. Hailiki sawasawa: hulika zaidi karibu na chaki, kwa kuwa kazi nyingi ni fupi na hufanyika hapo. Ila usiogope kila kovu. Kisu kikishuka milimita 0.1 kwenye chuma chenye kipenyo cha milimita 25, kipenyo hubadilika kwa chini ya elfu moja ya milimita. Kikisogea kiasi hichohicho kwa ubavu, kipenyo hubadilika kwa milimita 0.2 nzima. Kwa hiyo tafuta ulegevu wa ubavuni, siyo mikwaruzo ya juu. Kwenye ML7 za mwanzo kigari huongozwa na reli ya mbele peke yake, na uso wa ndani wa reli hiyo ndio huumia. Uso wa nyuma wa reli ya nyuma haukuwahi kufanya kazi, hivyo mafundi hufunga ukanda mwembamba wa chuma ndani ya kigari ili kiongozwe na uso huo mpya. Marekebisho haya ni nafuu, na huokoa bedi isipelekwe kusagwa upya.

Msasa usiuguse uso wa bedi. Chembe zake hujificha kwenye vinyweleo vya chuma na kuendelea kukisaga baada ya wewe kuondoka. Mafuta ya taa na kitambaa vinatosha. Vipande vyenye kutu nzito vitie kwenye maji ya magadi soda pamoja na umeme wa betri: kipande kwenye hasi, chuma chakavu cha kawaida kwenye chanya. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, maana hutoa sumu ya kromiamu majini. Fanyia nje, kwani povu linalopanda lina haidrojeni. Aluminiamu na aloi za zinki zisiingie humo kabisa. Rangi ya zamani nayo huweza kuwa na risasi, basi usiisugue kavu.

Beringi za mhimili wa ML7 ni za madini meupe laini, zinazoishi kwa oili nyepesi ya daraja la 32. Chuchu za oili za mashine hii zinafanana kabisa na za grisi, na hapo ndipo mashine nyingi zilipouawa kwa nia njema. Ukikuta grisi, fungua beringi uzisafishe zote. Ulegevu ukizidi, chini ya vifuniko vya beringi kuna shimu za tabaka: bandua tabaka moja kila upande, kaza, zungusha mhimili kwa mkono. Ukikwama, umebandua kupita kiasi.

Baada ya hapo paka rangi, kama bado una hamu nayo.

Kitakachobaki kukusumbua ni inchi. Skrubu kuu ya ML7, inayosukuma kigari wakati wa kukata nyuzi za boliti, ina nyuzi 8 kwa inchi, na boliti tunazotumia wengi ni za milimita. Dawa ni gia ya meno 127, kwa sababu 127 ni mara 5 ya 25.4, idadi ya milimita katika inchi moja. 127 ni namba tasa, kwa hiyo hakuna gia ndogo zaidi itakayotoa jibu kamili. Ukiitumia, usifungue nati ya skrubu kuu katikati ya kazi, la sivyo kisu hakitarudi kwenye njia yake. Kivute kisu nje, uurudishe mhimili kinyumenyume kwa mkono au kwa mota taratibu, maana chaki ya mashine hii imefungwa kwa uzi na kinyumenyume cha ghafla huifungua.