Wekibodi bila boti: Kwa nini watu wanasafiri hadi Ufilipino kuvutwa na kebo

Mji wa Pili, mkoani Camarines Sur nchini Ufilipino, hauna bahari. Kinachowaleta watalii huko ni bwawa la kuchimbwa.

Bwawa hilo ni la CamSur Watersports Complex, wengi wanaiita CWC tu. Ilijengwa na serikali ya mkoa, tena palepale kwenye eneo la ofisi zake. Yaani ndani watu wanagonga mihuri, nje watu wanaruka juu ya maji.

Wekibodi ni mchezo wa kusimama kwenye ubao na kuteleza majini huku ukivutwa. Kwa kawaida anayevuta ni boti, na hapo ndipo pesa zinapoisha: mafuta, nahodha, boti yenyewe, na kwa kawaida anavutwa mtu mmoja tu. Miaka ya 1960 mhandisi Mjerumani, Bruno Rixen, alileta njia nyingine. Kebo inapitishwa juu ya nguzo, mota inaizungusha, na wachezaji kadhaa wanavutwa kwa pamoja. CWC ina nguzo 6, na mwendo kwenye kebo za aina hii ni kama kilomita 30 kwa saa. Gharama ikigawanywa hivyo, tiketi inaweza kuuzwa kwa saa, nusu siku au siku nzima.

Mgeni asikimbilie ya siku nzima. Wengi huangukia palepale pa kuanzia, kwa sababu wanashindana na kebo: wanauvuta mpini kifuani. Kebo haishindwi. Kinachotakiwa ni kunyoosha mikono, kukunja magoti na kuiacha ikunyanyue.

Ukivuka hapo, kuna kona. Kamba inalegea kidogo, halafu inakaza ghafla, na usipojiandaa unarushwa. Ukianguka, achia mpini, ogelea upesi hadi pembeni maana wenzako wanakuja nyuma, kisha rudi mwanzo kwa miguu, ubao mkononi. Safari hizo za miguu zinachosha kuliko mchezo wenyewe. Baada ya saa moja mikono ya anayeanza huwa imekwisha kabisa.

Jaketi okozi na helmeti si mapambo. Asiyejua kuogelea ataelea, sawa, lakini hataweza kuondoka haraka njiani, kwa hiyo ajifunze kwanza. Bima nayo isomwe vizuri: baadhi hazilipi ajali za michezo ya majini.

Kuna jambo jingine zito zaidi: mkoa huu uko kwenye njia ya vimbunga. Oktoba 2024 kimbunga Trami, ambacho Wafilipino walikiita Kristine, kiliuzamisha kwa mafuriko makubwa. Machi hadi Mei kwa kawaida huwa shwari zaidi.

Kutoka Manila, ndege ya kwenda Naga inatua Pili kwenyewe. Mwenye bajeti ndogo apande basi la usiku.