Pedali Inayozama: Kuchunguza Breki za Gari la Zamani

Magari yaliyozeeka yangali yanabeba sehemu kubwa ya riziki ya Mwanza. Hupakia dagaa na sangara katika soko la Mwaloni kule Kirumba, hupanda na kushuka vilima vya mawe vya Isamilo na Bugando, na katika kivuko cha Kamanga huteremka gatini kuingia pantoni, mahali ambapo gari likikosa kusimama kinacholingoja mbele ni ziwa. Dereva wa gari kama hilo, asubuhi moja mguu wake ukikuta pedali ya breki haigoti tena juu kama ilivyozoea, bali inakwenda chini kwa ulaini usio wa kawaida, amepewa ilani ambayo hana ruhusa ya kuiahirisha hata mpaka jioni.

Katika gereji nyingi atapokewa kwa jawabu moja: "Breki zina upepo, mzee, tuutoe." Na upepo utatolewa, pedali itapanda, fedha italipwa, na baada ya juma moja ulaini utarejea. Jawabu lile si la uongo, ila halijakamilika, kwa sababu mfumo wa breki ni chombo kilichofungwa na upepo hauzaliwi ndani yake. Ulipitia mahali, na maadamu mahali pale hapajajulikana, kuutoa ni kuondoa dalili na kuyaacha maradhi. Fundi stadi hutambulika kwa maswali anayouliza kabla ya kushika spana.

Asili ya jambo hili ni kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, ya kwamba nguvu inayosukuma kimiminika kilichofungwa husambaa sawasawa katika kila upande wa chombo chake. Mmarekani Malcolm Loughead aliitumia katika breki za gari, na mwaka 1921 gari la Duesenberg likawa miongoni mwa ya kwanza kuuzwa likiwa na breki za mafuta katika magurudumu yote manne. Mguu husukuma pistoni ndani ya masta silinda, mafuta husafiri katika paipu, na pistoni za magurudumuni hubana diski au hutanua breki shuu ndani ya dramu. Kwa kuwa mafuta hayashindiliki, mwendo mdogo wa pedali hutosha. Lakini hewa hushindilika kwa wepesi, hata kiputo kimoja kikila sehemu ya mwendo ule, nguvu ya mguu huishia kukibana chenyewe badala ya kubana gurudumu.

Uchunguzi huanza injini ikiwa imezimwa, gari likiwa mahali tambarare na magurudumu yamewekewa vizuizi. Sharti la kuzima injini si dogo, kwani gari lenye busta hulainika kidogo mguuni pindi injini inapowaka, na hilo ni jambo la siha wala si la ugonjwa. Watu wengi wamebadilisha vifaa vizima kwa sababu ya kulidhania kuwa hitilafu. Basi pampu pedali mara kadhaa upesi upesi, kisha ikanyage na kuishikilia. Ikipanda lakini ukaihisi inanepa chini ya mguu, yamkini kuna hewa, au paipu za mpira zimechakaa na zinavimba kila zinapopata nguvu. Jambo hili la pili huonekana kwa macho: mtu mmoja akanyage, mwingine aitazame paipu ya kila gurudumu la mbele, aone kama inatanuka. Ikipanda na kukaza kabisa, bila kunepa, aghalabu breki shuu za nyuma zimelika na kuwa mbali na dramu, na zinataka kusogezwa tu. Ithibati yake ni nyepesi: vuta breki ya mkono, kisha kanyaga tena, na kama pedali imegota juu mara moja, kosa liko nyuma. Njia hii haifai kwa Land Rover za kale, ambazo breki yake ya mkono hukamata shafti inayokwenda nyuma wala haigusi shuu za magurudumu.

Hali inayohitaji hadhari kubwa kuliko zote ni pedali inayokubali kusimama, halafu, mguu ukiwa umetulia juu yake, ikazama polepole hadi sakafuni. Hapo tazama kikopo cha mafuta. Mafuta yakiwa yamepungua, kuna mvujo, na utautafuta kwa kidole na kitambaa: ndani ya magurudumu, kwenye viungo vya paipu za chuma, na nyuma ya masta silinda, ambako mafuta huteremka ndani ya gari au huingia ndani ya busta yasionekane. Ikiwa hayakupungua hata kidogo, raba za ndani ya masta silinda zimechoka na zinapitisha mafuta kutoka upande mmoja wa pistoni kwenda wa pili. Kifaa cha namna hii humdanganya dereva, kwa sababu akikanyaga kwa kishindo hushika vizuri, na akikanyaga taratibu katika foleni ya Igoma huachia.

Juu ya masta silinda kuukuu nina neno la kusisitiza, kwa kuwa uharibifu mwingi hutendeka mikononi mwa watu wenye nia njema. Kwa miaka mingi pistoni yake imekuwa ikienda na kurudi katika sehemu moja tu ya silinda, ilhali sehemu ya mbele, ambayo haikufikiwa, imefanya kutu na magamba. Siku ya kutoa upepo, msaidizi huambiwa akanyage mpaka chini, na raba laini hupelekwa juu ya ile kutu na kuchanika. Gari lililoingia na hewa kidogo hutoka na masta silinda mbovu. Kinga yake ni kipande cha ubao chini ya pedali, kiizuie kufika sakafuni.

Iko pia breki inayokuwa njema asubuhi na laini baada ya kupata moto. Mafuta ya kawaida ya breki hufyonza unyevu, na katika nchi iliyo kando ya ziwa, yenye mvua za masika na vuli, chupa iliyoachwa wazi dukani au gerejini huwa imeharibika kabla haijatumiwa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishakunywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango chake hushuka hadi 140. Yale ya DOT 4 ni 230 na 155. Dereva anayetoka Singida kuja Mwanza, akiuteremka mlima Sekenke kwa kuegemea breki badala ya gia ndogo, huweza kuzifikia nyuzi hizo. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hushindilika kama hewa. Akifika tambarare la Wembere na breki zikapoa, pedali hurudi kana kwamba hapakuwa na jambo, na fundi haoni kitu. Dawa ni kubadilisha mafuta yote, na desturi njema ni kufanya hivyo kila baada ya miaka miwili. Kujazia mafuta ya injini au ya giaboksi yawe badala yake ni hasara isiyo na kifani, maana huvimbisha kila raba ya mfumo.

Katika Land Rover nyingi za kale mfumo wote una njia moja, hivyo paipu moja ikipasuka magurudumu yote manne hukosa breki kwa pamoja. Magari yaliyofuata yaligawiwa njia mbili, lakini mwenye gari la aina ile asijaribu kulifikisha gereji kwa kuliendesha polepole, alivute.

Kama hewa imethibitika na mlango wake umezibwa, itolewe kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, isipokuwa kitabu cha gari kikiamuru vingine, na kikopo kisiachwe kukauka katikati ya kazi. Ikiwa mafuta yanatoka safi, bila kiputo, na pedali ingali inanepa, zitazame kalipa za mbele kabla ya kununua chochote. Zikifungwa ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, skrubu ya kutolea upepo hukaa chini, na hewa, ambayo maskani yake ni juu, haitatoka hata mafundi wakipampu mpaka magharibi.