Koki Inayovuja: Hesabu ya Kubadilisha Mwenyewe

Weka chombo cha lita moja chini ya koki ya sinki inayovuja, kisha tazama saa. Kikijaa kwa saa moja, unapoteza lita 24 kwa siku, yaani lita 8,760 kwa mwaka. Hizo ni uniti 8.76 za mita, au madumu 438 ya lita 20.

Uzito wa hasara hiyo unategemea maji yako unayapata wapi. Tutumie bei za mfano. Wewe weka za mtaani kwako. Uniti ikiwa shilingi 1,700, unamwaga shilingi 14,892 kwa mwaka. Lakini anayejaza tangi kwa maji ya mkokoteni, dumu moja shilingi 300, analipa shilingi 15,000 kwa uniti, karibu mara tisa. Kwake uvujaji huohuo unakula 131,400.

Sasa tuseme koki mpya ni 15,000, tepu nyeupe ya kufunga thredi 1,000, na ujira wa fundi 15,000. Ukiita fundi, unatoa 31,000. Ukifunga mwenyewe, 16,000. Kwa maji ya mita, pesa hiyo inarudi baada ya miezi 25 hivi ukiwa na fundi, na 13 ukifanya mwenyewe. Kwa maji ya dumu, ni siku 86 na 44.

Kabla ya kununua, angalia aina ya koki. Kwa ile ya kuzungusha, mara nyingi kilichochakaa ni washa ya mpira tu. Washa ya shilingi 500 inajilipa kwa siku 12 kwa maji ya mita, na chini ya siku mbili kwa maji ya dumu. Koki ya robo mzunguko huwa na katriji ya kauri, hivyo washa hiyo haitaisaidia.

Ikibidi kubadilisha, funga valvu, kisha fungua koki maji yaliyobaki yatoke. Ifungue kwa spana na uende nayo dukani: thredi inayoitwa nusu inchi ina upana wa karibu milimita 21 kwa nje, kwa hiyo rula itakupotosha. Safisha thredi, zungushia tepu kwa mwelekeo wa saa ukiitazama ncha yake, kisha kaza.

Ila bomba likiwa limeliwa na kutu na koki imegoma, usilazimishe. Elbo ya bomba hilo ikikatika ndani ya ukuta, utavunja vigae, na ile 15,000 uliyookoa itamezwa mara kadhaa. Hapo fundi ndiye nafuu.

Basi pima kwanza, jaribu washa, halafu koki. Fundi aitwe palipo na hatari. Na nyumba inayonunua maji kwa dumu isingoje mwisho wa mwezi: kila siku inamwaga 360.