Sikukuu Isimkoseshe Mtoto Chanjo

 Mama msikilizaji wa hapa Mbotela, Makongeni na Kaloleni, leo tunazungumza kuhusu polio, ugonjwa unaopooza viungo vya mtoto.

Tarehe 20 Oktoba ni Sikukuu ya Mashujaa. Siku nne baadaye, tarehe 24, ni Siku ya Polio Duniani, na vilabu vya Rotary huitumia kuhimiza chanjo. Tangu mwaka 1985 wanachama wake wamechanga pesa na kujitolea ili matone yawafikie watoto. India, iliyokuwa na wagonjwa wengi, ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya asili Januari 2011.

Je, hatari imekwisha? La, mama. Mwaka 2018 virusi vya polio vilipatikana katika maji taka ya Eastleigh, jirani zetu. Polio haina tiba. Kinga ni chanjo.

Basi ufanye nini? Mtoto apewe matone anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Tarehe ya kurudi ikiangukia sikukuu na kliniki imefungwa, nenda siku ya kazi inayofuata. Umechelewa? Usione haya, nenda tu. Mtoto huendelea pale alipoachia, haanzi upya.

Wahudumu wa kampeni wakibisha hodi, mpe mtoto matone hayo pia. Ni ya nyongeza, hayachukui nafasi ya kliniki.

Mama, kitabu cha kliniki kiko wapi? Kitazame leo. Kwaheri kwa sasa.