Gesi Mpya, Kompresa ya Zamani

R22, gesi iliyozoeleka katika viyoyozi na vyumba baridi vya zamani, inaelekea kuisha sokoni. Itifaki ya Montreal ya 1987 inazitaka nchi zinazoendelea, Kenya ikiwemo, kuacha kutumia gesi za kundi lake ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kukarabati mitambo iliyopo.

Kwa hiyo mwenye hoteli Embu au tangi la maziwa Meru, gesi ikivuja, huambiwa na fundi: “Tuweke nyingine.” Ipi? R410A ikatae papo hapo. Shinikizo lake linazidi la R22 kwa zaidi ya nusu, na kompresa ya zamani haikuundwa kulihimili. R407C ina shinikizo linalokaribiana, ila haichanganyiki na oili ya madini iliyomo. Oili hiyo ikishatoka na gesi husambaa kwenye mabomba isirudi, na kompresa hukauka mpaka ikakwama. Lazima imwagwe, iwekwe oili ya poliesta.

Hapo ndipo kazi huharibika. Poliesta hufyonza unyevu upesi, na unyevu huzaa asidi inayokula nyaya za mota. Mfumo unyonywe hewa hadi ukauke kabisa. Geji ya kawaida huonyesha utupu kamili kwenye inchi 30, lakini hayo ni mahesabu ya Mombasa. Meru, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, sindano haiwezi kupita inchi 25 hivi hata pampu iwe mpya. Tena nusu inchi ya geji hiyo ni zaidi ya mikroni 12,000, na sisi tunatafuta chini ya 500. Fundi asiye na kipimo cha mikroni anabahatisha.

Propani safi, R290, hupatana na oili ya madini na haiathiri ozoni. Lakini inawaka, na swichi za mtambo wa R22 hutoa cheche. Mimi singeiweka humo. Gesi ya kupikia ndiyo mbaya zaidi: ni propani na butani zisizosafishwa kwa kazi hii, zenye unyevu na dawa ya harufu yenye salfa.

Kabla hujalipa, hakikisha fundi amebandika lebo ya gesi na oili aliyoweka. Atakayekuja baada yake ataamini bamba la kiwandani.